Eti Amparo ni Vina Tu

Miaka kumi na tisa nilimshonea Evodio vifungo vya fedha kwenye suruali zake za kuimbia, naye akasimama uwanjani Cocula kuimba ranchera, nyimbo za mapenzi na majonzi, alizotunga mwenyewe, zote za Amparo. Amparo midomo, Amparo nywele, na watu wakipiga ukelele kama wamefiwa. Mimi Domitila, mke wake wa ndoa, sikupata hata ubeti.

"Huyo Amparo ni nani?"

"Aa, mama watoto, ni jina la kupatia vina tu!"

"Langu mimi halina vina?"

Akacheka. "Nikulilie vipi nawe upo hapa unanipikia maharage?"

Hapo nikaelewa. Kwenye ranchera hatungiwi mwanamke aliyepo, hutungiwa aliyekwenda zake. Nikaacha maharage motoni na sindano imechomekwa kwenye suruali, nikahamia kwa dada yangu kule Tecolotlán.

Haikupita miezi mitatu, kila redio ni Evodio akiimba Domitila, Domitila. Kumbe ameshaweka mwanamke mwingine ndani! Nasikia huyo naye anashona vifungo vilevile, roho ikimuuma, akimuuliza huyo Domitila ni nani.

Naye anamjibu, "Aa, mpenzi, ni jina la kupatia vina tu!"