Ami Shaame Alipoikalafati Injini

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiona tone la oili chini ya gari hunirudia yote. Ilikuwa siku ya harusi yangu. Nilivaa kanzu mpya, nikapanda lori la ami yangu, na lori likanifia njiani.

Ami yangu aliitwa Shaame, ndugu yake baba. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea, kule kwetu Vitongoji. Kazi yake ilikuwa kukalafati vyombo vya baharini. Siku hizi hata neno lenyewe hamlijui. Unasokota pamba, unaichovya mafuta ya nazi, unaishindilia kwa patasi na nyundo baina ya ubao na ubao, ili maji yasipite. Katika kazi hiyo ami hakuwa na mpinzani. Chombo alichokiziba yeye kilikwenda Tanga kikarudi, na ndani pakavu. Alipoanza kuchoka na kazi ya pwani akanunua lori, nami nikawa dereva wake. Haya yalikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi, wakati gari likipita watu wanatoka nje kulitazama.

Lori lenyewe lilikuwa limeshatumiwa na watu wengine kabla yetu, na lilivuja. Asubuhi ukiliondoa, pale lilipolala pana doa jeusi. Tukalipeleka mjini Chake kwa fundi Jivan, Mhindi mmoja mpole ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi. Akaingia chini, akakaa huko, akatoka anafuta mikono.

"Mzee Shaame, yako mambo mawili," akasema. "Bakuli la oili lina ufa. Hilo si kitu, pale Wete lipo lori bovu, nitakutolea lake. Lakini sili ya nyuma, ile pete inayozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea, imekwisha. Hiyo lazima mpya. Nitaagiza Mombasa."

"Itakuja lini?"

"Meli ikija."

Ami akacheka, lakini mie sikucheka. Siku ya harusi ilikuwa imeshatajwa. Nilikuwa namuoa Mize, binti wa Mzee Faki wa Micheweni, na ndoa ilikuwa ifungwe Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Mzee Faki alikuwa mtu wa neno moja. Alipata kuja mposaji kabla yangu, akachelewa siku aliyoahidi kufika, na Mzee Faki akamwambia arudi kwao na halua yake. Kisa hicho kilijulikana hata kwetu Vitongoji.

"Fundi," ami akasema, "bahari nzima nimeizuia isiingie ndani ya mashua. Leo nishindwe na oili isiyojaa ndoo?"

"Mashua haizunguki, Mzee."

Ami hakumsikia, au alijifanya hakumsikia. Tulipofika nyumbani akatoa patasi zake na pamba. Nikamwambia, "Ami, tungoje hiyo sili." Akanitazama kutoka chini ya lori. "Weye wataka sili ama wataka mke?" Nikampa nyundo. Nilitaka mke.

Basi akaikalafati injini. Ufa wa bakuli aliuziba, na pale mhimili unapotokea akashindilia pamba pande zote, kwa utaratibu uleule wa ubao na ubao. Na ukitazama, kazi ilikuwa safi. Tukamimina oili, tukawasha, tukaenda mpaka Gombani na kurudi. Hata tone! Ami alizunguka mitaa yote siku ile, kila anayekutana naye anamwambia, "Mhindi ataka meli, mie nimetumia pamba." Wazee wakampa mkono wa pongezi. Na mie niliamini, kwa nini nisiamini? Doa halikuwepo.

Ijumaa ikafika. Nyuma walipanda jamaa, wanawake na vigelegele vyao, na mbele mie na ami. Dereva mwengine hatukuwa naye, kwa hiyo bwana harusi na dereva alikuwa mtu mmoja. Tukapita Konde salama. Micheweni haikuwa mbali tena. Hapo nikasikia injini inagonga, ko, ko, ko.

"Ami, nizime?"

"Twende, yakhe, tushafika!"

Hatukuwa tumefika. Injini ikagonga kwa nguvu zaidi, ikatoa harufu ya kuungua, kisha ikakwama, lori likasimama. Vigelegele vikakatika. Nikaingia chini na kanzu yangu nyeupe, nikafungua nati ya kumwagia oili. Oili ikatoka imefungamana na nyuzi za pamba, nyeusi, ndefu. Kumbe mhimili ulikuwa ukizunguka unaichambua ile pamba, na pamba ikaenda kuziba kichujio, na injini ikakosa oili. Nikamwonyesha ami zile nyuzi mkononi. Akazishika, akazitazama.

Alasiri ikaadhiniwa tuko palepale. Likapita gari la ng'ombe lililobeba muhogo, mwenyewe akatuonea huruma, tukapanda mie na ami juu ya muhogo na wengine wakafuata kwa miguu. Njia nzima jamaa walikuwa wakipanga maneno. Binamu yangu Kombo, aliyekuwa na ulimi mwepesi, akasema, "Tuseme ni yule fundi wa Chake katuharibia gari. Nani atamuuliza?" Wengi wakaafiki. Nitakwambia kweli, mwanangu, mie niliona maneno mazuri. Nilimuona Mize ananiponyoka, na jina la Jivan si la ukoo wangu. Ami alikuwa kainama tu, zile nyuzi bado kazishika.

Tukafika jua linazama. Baadhi ya wageni walikuwa wameshaondoka. Mzee Faki alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Alasiri yenu kwenu Vitongoji ndiyo hii?"

Kombo akadakia, "Mzee, ni yule fundi wa Chake..."

"Nyamaza, Kombo," ami akasema. Akateremka kwenye gari la ng'ombe, akasogea mbele za watu. "Fundi aliniambia ningoje, nikakataa. Mie ndiye niliyeikalafati injini. Kosa si la fundi, wala si la kijana huyu. Ukikasirika, nikasirikie mie."

Mzee Faki akauliza taratibu, "Umeikalafati injini?"

"Nimeikalafati."

"Kwa pamba?"

"Na mafuta ya nazi."

Nyuma ya mlango mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Mzee Faki hakucheka. Akasema, "Yule wa kwanza watu wanadhani nilimfukuza kwa kuchelewa. Nilimfukuza kwa uongo alioniletea alipofika. Ingieni. Tusali magharibi, kisha mtoto wenu nimuozeshe."

Nikashika gurudumu la lile gari la ng'ombe. Nilikuwa karibu kuingia mlango ule na uongo uleule.

Lori likavutwa hadi Chake, likakaa kwa Jivan mpaka sili mpya ikaja. Bakuli alitoa kwenye lile lori bovu la Wete, na mhimili ulioungua hakuutupa, aliupeleka kuchongwa upya kwa sababu chuma chake kilikuwa kizima. Ami alikwenda mwenyewe kumuomba radhi. Jivan akamwambia, siku yeye fundi akiwa na mashua inayovuja, atamletea ami aikalafati.

Basi sikiliza, mwanangu, maana najua umenunua gari na linavuja. Kitu kinachokaa tu mahali pake, kichukue kilichokwisha tumika, hakina neno. Kinachosuguana mchana kutwa, nunua kipya hata kama meli inachelewa. Kikiwa na chuma kizuri, kirekebishe, usikitupe. Na ufundi wako ulioujua miaka yote, uulize kwanza kama ndio unaotakiwa hapo. Hayo ni ya gari. La mlangoni kwa Mzee Faki ni zito zaidi: ukiharibu, fika na ulichoharibu mkononi, useme ni wewe, kabla mtu mwengine hajakutafutia wa kumtwisha.

Mwenyezi Mungu akupe safari zisizokatika, akupe na ulimi wa kusema "ni mimi" mbele za watu. Na akujaalie nyumba kama aliyonijaalia mie. Bi Mize yumo ndani, kamuulize. Atakwambia usiku wa harusi nilinuka oili.