Sheria ya Kutolia

Mdogo wangu alikuwa fundi wa makochi, na mpaka leo sijaona wa kumfikia. Kochi lililozama katikati alilifumua lote, akabadilisha springi, akaweka sponji mpya, akavuta kitambaa mpaka lisibaki kunyanzi hata moja. Kazini alikuwa bubu, maana mdomo ulijaa misumari. Akishaitema, hapo utatamani angalau airudishe. Kanisani walimpa kuongoza kamati ya wagonjwa, wakambandika jina, Mzee Faraja. Na mimi dada yake, niliyembeba mgongoni na kumfuta makamasi, eti nimwite Mzee. Nilikataa katakata.

Kamati yake ilikuwa na sheria moja, aliyoitunga mwenyewe: kwa mgonjwa hakuna kulia. Mnaingia na wimbo wa ushindi, mnaomba, mnatoka na wimbo wa ushindi. Mgonjwa akianza kusema habari za hofu anaambiwa, mtoto wa Mungu haogopi kifo, basi, yamekwisha. Watu walimpenda kwa hilo. Mimi nilimwambia, "Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake." Alicheka tu.

Kitanda kikaja. Lilianza tumbo, madaktari wakampasua, wakaangalia, wakamshona, wakasema tumrudishe nyumbani. Nikamchukua kwangu, kwa kuwa mkewe alishatangulia na watoto wako mbali. Nilimlaza chumba cha mbele, karibu na dirisha.

Kamati nayo ikaja. Mungu anisamehe, siku hiyo niliwachukia. Waliimba mpaka vikombe vikagongana kabatini. Katibu wao, mama mmoja mnene mwenye roho nzuri na sauti ya kuvunja mawe, akamwinamia. "Mzee Faraja, wewe ndiye mwalimu wetu. Uko tayari?"

Akatabasamu. "Niko tayari. Naenda nyumbani."

Wakapiga makofi. Chini ya shuka alikuwa ameshika kidole changu, amekiminya mpaka nikauma meno.

Walipoondoka nilifunga mlango. "Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Usinifanye mtoto. Kidole nilichominywa ni changu."

Akasema, "Dada, naogopa." Akaanza kulia, mtu mzima na mvi zake. "Nikifumba macho naona shimo. Naomba, sisikii kitu. Kama naogopa hivi, basi imani yangu ilikuwa ya mdomoni. Bwana atanipokeaje?"

Sikusoma sana, lakini hilo nilikuwa nalijua. Nikamkumbusha kwamba Bwana mwenyewe bustanini alishikwa na uchungu mpaka jasho likamtiririka, akaomba kikombe kile kimwepuke. "Na wale rafiki zake hakuwaambia wamwimbie," nikasema. "Aliwaambia wakae naye."

Nilidhani nimemfariji. Akazidi kulia.

"Yule binti fundi cherehani aliniomba hivyohivyo," akasema.

Binti huyo alikuwa akimshonea vitambaa vya makochi. Alikufa mwaka uliopita, kijana kabisa. Mdogo wangu alipokwenda kumwona na kamati yake, binti alimshika mkono akamwambia, "Mzee, naogopa, kaa nami kidogo." Naye akampa ile sheria yake, akaanzisha wimbo. Binti akageukia ukutani. Tangu hapo hakumwambia mtu neno lolote la maana.

"Nilijisifu kwamba nimemtuliza," akasema. "Kumbe nilimfungia mlango. Dada, nisife kabla sijamwambia mama yake."

Asubuhi nikaenda nyuma ya soko, mama huyo anakouza mkaa. Alinisikiliza huku anajaza kopo. "Amechelewa," akasema. Ningebisha nini? Lakini alifunika gunia, akanawa mikono hadi viwikoni, akanifuata.

Alipoingia hakukubali kiti. Mdogo wangu akamweleza yote bila kujipamba. "Nilimnyima mwanao kulia. Sasa na mimi naogopa, ndipo nimejua nilichomtendea. Nisamehe, mama."

Yule mama alimtazama. "Na mimi nilifuata sheria yenu," akasema. "Nilikuwa natoka uani nalia, nanawa uso, narudi nikicheka. Mwanangu amekufa akidhani siumii."

Nilijua sasa anaondoka, na nisingemlaumu. Akavuta kiti. "Kukusamehe kote sijaweza," akasema. "Leo nimeweza kukaa."

Akawa anakuja kila jioni, ananuka mkaa, anamshika mkono. Sala yake ilikuwa fupi: "Bwana, huyu anaogopa. Mshike." Wengine watataka niseme kwamba hofu ilimtoka. Haikumtoka. Ila aliacha kuificha, akaanza kumwambia Mungu waziwazi kama anavyoniambia mimi, na usingizi kidogo ukamrudia. Mganga hajigangi, na yeye akakubali kugangwa.

Alasiri ya mwisho kamati ilirudi, ikamkuta yule mama wa mkaa amewahi siku hiyo, ameketi kando ya kitanda. Katibu alishavuta pumzi aanze wimbo, mdogo wangu akainua mkono.

"Msiimbe," akasema. "Naogopa. Kaeni nami."

Wakatazamana, hawajui mikono waiweke wapi. Hakuna aliyewahi kuwafundisha hilo. Katibu ndiye aliyeketi kwanza, sakafuni, na yeye ndiye aliyelia kwanza. Wengine wakafuata, sheria ikafia hapo chumbani kwangu.

Nuru ilishaanza kumtoka machoni. "Bado mpo?" akauliza.

"Tupo," tukajibu.

Akapumzika kidogo, akauliza tena, tukajibu tena. Katikati nikamsikia akinong'ona, "Bwana Yesu, nawe upo?" Hakutuambia alijibiwa nini. Akatuuliza sisi mara nyingine, sauti imebaki uzi, tukamjibu sote kwa pamoja. Hakuuliza tena.

Nikamfumba macho. Kamati ikanyamaza, na mimi nikanyamaza. Yule mama wa mkaa peke yake hakuuachia mkono. Aliinama karibu na sikio, akaendelea kujibu polepole, "Tupo, mwanangu. Mama yupo. Usiogope peke yako." Na sote mle chumbani tulijua haongei na mdogo wangu.