Zita, mpishi anayelazimika kuonja kiburu mbele ya wakwe

Saa mbili asubuhi, Desemba 26, Zita Basili anapika huku macho yake yakiwa mlangoni. Mkono mmoja unageuza mwiko, mwingine umeshika kopo la magadi, na kila anayekaribia kizingiti anaulizwa anataka nini.

"Naomba kiberiti, shemeji," anasema Melkior, mdogo wa mumewe.

"Simama hapo hapo. Utaletewa."

Sufuriani kuna kiburu, ndizi na maharage vinavyopondwa pamoja, na maji ya magadi kidogo ili maharage yaive upesi. Ukoo mzima uko nyumbani hapa Kibosho, Kilimanjaro. Magari ya Dar yamejipanga hadi kwenye migomba, na saa saba wote watakula.

Zita (47) hupika kwenye sherehe za watu. Vitumbua vyake vya mchele wa Chekereni huisha kabla chai haijamiminwa. Ajali za jikoni anazijua pia. Krismasi ya mwaka juzi mkaa wa juu ya kifuniko ulidondokea kwenye keki. Akakwangua, akafunika jeraha kwa sukari ya unga.

"Wakasema ina ladha ya kahawa," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka.

Kiburu cha mwaka jana hakimchekeshi. Kilitoka kichungu kama sabuni. Watu kumi na mmoja walishikwa na tumbo, choo kikawa na foleni, na kufika jioni neno sumu lilikuwa limeshazunguka uwanja wote.

"Hakuna aliyelisema mbele yangu. Walikuwa wananyamaza nikiingia, nikajua. Lisemwalo lipo, si ndivyo wanavyosema watu?"

Tangu siku hiyo mama mkwe wake, Bibi Elisifa (78), hajatia mdomoni chakula cha Zita. Hata kwenye msiba wa ukoo alikuja na chupa yake ya uji. Sherehe alizopika Zita zimeshuka kutoka kumi kwa mwaka hadi mbili.

"Mama akikataa, ukoo mzima unakataa. Na leo akikataa tena, mwiko naweka chini. Nimechoka kuonekana mchawi."

Nani aliharibu kiburu? Zita anaelekeza kidevu uwanjani, anakomenya vitunguu swaumu Pamela, mke wa shemeji yake Tito, aliyetoka Dar.

"Mimi nilitia magadi mara moja, sina wazimu. Nilitoka kuchota maji, kurudi nikakuta povu limebadilika rangi."

Pamela hakatai. "Nilikuta maharage magumu, nikajua wifi kasahau. Nikatia kidogo. Nilidhani namsaidia."

Mbona hakusema siku ile ile?

"Watu walikuwa wameshaanza habari za sumu. Wewe ungesema?" anauliza akiangalia vidole vyake. "Lakini nilikuja kumwambia, mwezi wa sita, kwa simu."

Maelezo hayo hayajamwingia mwandishi vizuri. Zita hayajamwingia kabisa.

"Msaada gani unafichwa miezi sita?"

Huku mlimani, anayekukaribisha mbege, pombe ya ndizi, huonja kwanza, ujue haijatiwa kitu. Kwa Zita desturi hiyo imehamia kwenye chakula. Kwenye sherehe zote mbili za mwaka huu aliambiwa aonje mbele ya watu.

"Kwenye mbege ni heshima. Kwenye kiburu changu ni kesi."

Mwandishi naye anapewa bakuli na, kusema kweli, anasita. Zita anaona. Anachota kijiko, anameza, anamrudishia bakuli. Jamani, aibu!

Saa saba Bibi Elisifa ameketi kitini, chupa ya uji miguuni. Zita anapiga goti na bakuli la kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Zita anainua kijiko ili aonje. Uwanja mzima unatazama, hata Melkior ameacha kuchoma nyama.

"Weka chini hicho kijiko," anasema bibi.

Zita anakirudisha bakulini.

"Nimetoka kwangu na njaa, halafu nipewe makombo yako? Lete hapa!"

Anakula. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Chumvi haijakolea," anasema, anaendelea kula. Zita anajifuta machozi kwa khanga bila kujificha. "Aika, mama," anasema. Asante.

Ndani ya dakika chache foleni imefika getini. Binamu mmoja, Godlove, anamvuta pembeni. Mwanawe anapata kipaimara mwezi wa tano, na anataka Zita apike.

"Nikishapika hiyo, nyingine zitakuja," Zita anamwambia mwandishi. "Nataka nirudi kwenye zile kumi. Nikifika, naanza kupeleka vitumbua Bomang'ombe siku za soko."

Wa mwisho kwenye foleni ni Pamela.

"Wifi, na mimi."

Zita anamjazia bakuli pomoni. Halafu anachukua kijiko, anachota, anatafuna taratibu akimtazama machoni, anameza.

"He! Wifi, hata mimi unanionjea?"

"Wewe ndiyo. Usije ukaumwa tumbo ukasema ni mimi."

Pamela anacheka. Zita hacheki. Anamkabidhi bakuli lake.