Neno la Kilatini Kwenye Karatasi ya Baba

Baba aliteleza uani kwake Nansio. Maumivu yalipokataa kuisha, nikamleta Mwanza apigwe picha ya nyonga. Daktari aliiangalia picha, akaandika, kisha karatasi akanipa mimi badala ya mgonjwa.

"Mfupa haujavunjika," alisema bila kuinua macho. "Mrudi Alhamisi tuongee."

Tuongee nini, kama haujavunjika?

Nilifika nyumbani nikaisoma nimejifungia chumbani. Kiingereza changu ni cha sekondari, ila neno moja lilinitosha: cancellous. Kansa. Nikampigia kaka yangu. Akasema madaktari hawasemi wazi, hulificha jambo ndani ya maneno. Tukakubaliana Baba asijue.

Baada ya hapo sikumwamini mtu. Hata jirani aliyekuja kumpa pole nilimshuku kwamba ameshasikia. Baba naye akaanza kunichunguza. Nilimpikia sato siku mbili mfululizo, nikamwongezea maziwa.

"Kuna mgeni?" aliuliza.

"Hapana, Baba."

"Mbona unaninenepesha kama ng'ombe wa harusi?"

Jumatano nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amevaa miwani, karatasi mkononi.

"Nani anaficha karatasi kwenye ndoo ya mchele?"

Nikakaa chini. Machozi yakanitoka kabla ya maneno. Alinisubiri, kisha akaweka kidole kwenye neno lile. Kabla ya kumuoa mama, Baba alisoma seminari miaka minne.

"Hiki ni Kilatini. Cancelli ni uzio wa fito zilizopishana, kama ule wa mbele ya altare zamani. Ndani ya mfupa kuna vijiti vimepishana hivyohivyo, vinaacha vitundu. Ndipo jina lilipotoka."

"Na kansa?"

"Hiyo ni cancer. Maana yake kaa, yule wa kwenye mawe."

Sikumwamini. Nilidhani ananifariji, anajua na yeye ananificha.

Alhamisi daktari alisema vijiti vya ndani ya mfupa vimepungua kwa uzee. Akampa dawa, akamwambia atembee na fimbo. Kansa haikuwepo. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na karatasi yangu ulimpa huyu kwa nini?"

Daktari akaomba radhi. Mimi nilikosa pa kutazama.

Siku hizi karatasi zake anazishika mwenyewe. Nikimuuliza zimesemaje, ananijibu nusu.