Ng'ombe Dume Hatongozi

Juzi, huku ughaibuni, kwenye treni ya kwenda kitongoji cha Hallunda, mama mmoja Mrundi alimuuliza bintiye anasoma nini.

"Hadithi za Wagiriki wa kale, za shule. Mungu wao mkuu alijigeuza ng'ombe dume, akambeba msichana mgongoni, akavuka naye bahari. Halafu, kitabu kinasema, akamtongoza."

Mama akavua miwani. "Alimwambia nini?"

"Hakusema kitu."

"Na msichana alijibu nini?"

Binti akafunua kurasa mbele na nyuma. "Hawajaandika."

"Mwanangu, anayetongoza huoga, huvaa shati safi, kisha husubiri jibu. Huyu amevaa pembe. Hapo hakutongoza. Alimbaka."

Baba mmoja aliyeketi karibu nao akakohoa. "Taratibu, mama. Kuna mtoto hapa."

"Ndiye mwenye kitabu," mama akamjibu bila kugeuka.

Nawapongeza sana waandishi wa kitabu hicho. Sheria ya nchi hii inadai ridhaa hata kwa mume na mke, lakini ukiwa mungu, tena mwenye mkia, unapewa kitenzi kizuri na picha ya rangi. Na sisi abiria tulikuwa tumeinamia simu zetu. Neno lililotushtua ni la mama, si la kitabu.

Tulipofika kituo cha Bredäng, binti alitoa penseli, akakata neno la kitabu na kuandika lingine juu yake.

"Mwalimu akisema nimekosea?"

"Mwambie akuonyeshe msichana alijibu nini."