Nilimjibia Baba Mkwe Fomu ya Hospitali, Naye Anasikia

Admin, jina langu usiweke, hata la kijiji usiweke. Karatu ni ndogo, na akina mama wa jumuiya yetu wote wapo kwenye page hii, tena ndio wa kwanza kukomenti.

Nina miaka 36, watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu ukichanganya anamaliza wiki nzima huko Ngorongoro na wageni. Nyumbani nabaki na watoto na baba mkwe, mzee aliyefanya kazi kwenye mashamba ya kahawa Oldeani tangu ujana wake mpaka mvi zikamjaa. Huyu mzee hajawahi kunipandishia sauti. Nilipoolewa sijui hata kukamua ng'ombe, mawifi wananicheka, yeye ndiye aliyewaambia waniache nijifunze taratibu.

Mwaka jana alikutwa na saratani ya ulimi. Wakamkata sehemu, halafu akachomwa mionzi shingoni. Tangu hapo akiongea ni kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Mimi ninayeshinda naye ndiye pekee ninayemwelewa. Hata mume wangu akizungumza na baba yake hunigeukia mimi: "Anasemaje?" Nikawa mdomo wa mzee, na sitadanganya, nilijisikia mtu muhimu.

Sasa uchafu wangu ndio huu. Mzee mate yanamtoka, uji unamwagika kifuani, na kuna harufu. Mimi ni mtu wa usafi mpaka nakera. Jumatano moja akina mama wa jumuiya walikuja kusali kwangu, mmoja akaziba pua kwa kanga. Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake nikamwekea mzee kiti kwenye stoo ya mahindi, nikamwambia, "Baba, huku kumetulia, utakula bila watoto kukusumbua." Akaitikia kwa kichwa. Kwetu watu wanazunguka sinia moja la ugali, na baba wa nyumba ndiye ananawa wa kwanza. Mimi nilimwondoa baba wa nyumba kwenye sinia lake, nikamkalisha na magunia. Siku mume wangu akiwepo, mzee namrudisha sebuleni. Mnaona nilivyokuwa najua ninachofanya?

Miezi miwili iliyopita nilimpeleka kliniki, ile hospitali kubwa ambayo kwetu ni safari ya siku nzima. Nesi akanipa fomu nimsomee mzee, maana macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Akasema, "Mama, vipimo vinatuonyesha kidonda. Haya maswali ndiyo yanatuambia mzee anaishije huko nyumbani." Majibu ni manne: hapana kabisa, kidogo, kiasi, sana. Nikaanza vizuri, namsomea, anajibu, natiki. Mara nikakutana na swali la hamu ya tendo la ndoa. Jamani, mkwe anamuulizaje baba mkwe jambo hilo? Kwetu hata kupita mbele yake kanga imelegea ni kosa. Nikatiki "hapana kabisa" kimya kimya nikasonga. Swali lililofuata: je, umepata shida kula mbele ya watu wa familia yako?

Sikulisoma. Nikatiki "hapana kabisa." Na yaliyobaki, ya kumeza, ya maumivu, nikayamaliza hivyo hivyo, nataka tu karatasi itoke mbele yangu.

Nesi akaipitia, akashangaa. Akamwinamia mzee: "Babu, kwa hiyo kula na familia hakuna shida?" Mzee akajibu. Maneno marefu, nami nikayasikia yote: "Nakula stoo, na magunia. Sina hamu ya chakula, mwanangu."

Nesi akanigeukia. "Anasemaje?"

"Anasema hana shida."

Mzee alinitazama. Hakukasirika, na heri angekasirika. Nesi akasema alikuwa anataka kumpeleka kwa watu wa lishe na wa mazoezi ya kumeza, lakini kama anaendelea vizuri basi turudi baada ya miezi miwili.

Wiki iliyopita wageni wa mume wangu walikatisha safari, akarudi mchana bila taarifa. Akamkuta baba yake stoo na kikombe cha uji. "Baba, mbona unakula huku?" Mzee akanitazama tena vile vile, akasema polepole. Mume wangu akageuka: "Anasemaje?"

Ndugu zangu, mzee alikuwa anasema na mimi. Alisema, "Mwambie kama ulivyosema hospitali."

Nikamwambia mume wangu, "Anasema hana shida, amependa utulivu." Akacheka, akampiga baba yake begani, akaenda kuoga. Nikabaki na mzee mlangoni, siwezi hata kuinua macho.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha maradhi ya mtu mwingine, na anayekonda ni yeye. Mkanda wake nimeutoboa tundu la tatu kwa msumari wa moto. Jana niliweka uji wake mezani sebuleni, nikamwambia, "Baba, karibu tule pamoja." Alinishukuru, akachukua kikombe chake, akaenda nacho stoo.

Alhamisi ijayo ni kliniki, na safari hii mume wangu ameomba ruhusa aende nasi. Fomu ni ile ile. Nikisoma ukweli, mume wangu atajua nilivyomweka baba yake, na sijui kama nitarudi kwenye nyumba ile. Nikinyamaza, mzee atakufa njaa huku mimi nasema hana shida. Na kabla ya yote kuna deni la msamaha kwa mzee mwenyewe, ambalo sijui mkwe analianzaje. Mtakaonitukana, tukaneni, nimestahili. Ila mwenye hekima aniambie kabla ya Alhamisi: kati ya wawili hawa naanza kumwambia nani, na nianze na neno gani?