Bi Mistari na uwanja wa makufuli mawili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Umande bado umelala kwenye nyasi, na mwanamke mmoja amepiga magoti karibu na goli akivuta kamba mpaka inakakamaa. Anaifunga kwenye kigingi, anasimama, anafumba jicho moja. Hajaridhika. Anakisogeza kigingi kwa upana wa kidole.

"Mpira umevuka au haujavuka, hapo watu hushikana mashati," anasema bila kugeuka. "Kwa hiyo mstari wangu lazima uwe mnyoofu kuliko refa."

Hapa klabuni wanamwita Bi Mistari. Ana miaka sitini na mitatu, na arobaini na mmoja kati ya hiyo ameitumia kufua jezi, kufyeka nyasi na kumwaga chokaa kwenye uwanja huu.

Klabu yenyewe ina miaka arobaini na saba. Waliianzisha wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, ambacho siku hizi hakipo. Nyuma ya kiwanda palikuwa na jalala la maranda, lundo refu kuliko nyumba. Kila wakitoka kazini walisomba kwa matoroli, miezi saba mfululizo, mpaka ardhi ikaonekana. Mbao zilizokataliwa na wateja wakazijengea ukumbi. Humo watu wamecheza drafti, wamefunga ndoa, wamesikiliza mechi redioni, na watu wazima wamejifunza kusoma.

Bi Mistari alikuja kama mfua jezi, binti wa miaka ishirini na miwili. Siku ya kwanza akiwa anaanika, akatupa jicho uwanjani.

"Kisanduku cha penalti cha upande mmoja kilikuwa kimelala kama mlevi," anakumbuka. "Nikacheka. Kocha akaniuliza, 'Unacheka nini, dada?' Nikamweleza. Akanitupia kamba, akasema, 'Haya, chora wewe.'"

Kocha hakujua anamwambia nani. Baba wa binti yule alikuwa mwashi, na mwanawe alikulia kwenye saiti za ujenzi akimshikia kamba. "Baba alinifundisha tatu, nne, tano," anasema. "Pima tatu huku, pima nne kule. Ncha zikikutana kwa tano kamili, kona yako imekaa sawa." Siku hiyo alichora kisanduku upya. Tangu hapo hakuna mwingine aliyeshika chokaa.

Miaka kumi na miwili iliyopita, klabu ilipasuka. Ilikuwa fainali, na penalti ya mwisho alipewa mkwe wa mwenyekiti. Akaipaisha. Katibu akatamka mbele ya watu kwamba kijana alipewa mpira kwa sababu ya harusi, si kwa sababu ya mguu. Mwenyekiti akafunga geti kwa kufuli lake. Kesho yake katibu akaongeza la kwake juu yake.

Miaka minne geti halikufunguliwa. Watu waliocheza pamoja tangu ujana wakawa wakionana barabarani wanavuka upande wa pili. Malipo ya Bi Mistari yalikoma siku hiyohiyo, naye akaanza kupiga pasi nguo za watu nyumba kwa nyumba.

Lakini nyuma ya ukumbi kulikuwa na ubao uliong'oka. Kila Jumamosi alipenya hapo na fyekeo lake na ndoo ya chokaa. Alifyeka, akapima, akachora uwanja mzima, kisha akarudi nyumbani.

"Nilimuuliza, mke wangu, unamchorea nani? Mbuzi?" anasema mumewe, fundi cherehani. "Akanijibu, 'Wakirudi wakakuta pori, watasema klabu imekufa. Wakikuta mistari, watakosa cha kusema.' Jumamosi iliyofuata nikaenda kumshikia kamba."

Mwaka wa nne alifariki golikipa wa kwanza wa klabu, ambaye kwa jinsi mipira ilivyomganda mikononi walimwita Sumaku. Alikuwa amewaachia wanawe neno moja: kabla ya kuzikwa, apitishwe golini kwake.

Ikabidi funguo zote mbili zije. Siku ya mazishi mwenyekiti na katibu walisimama getini bila kutazamana, kila mmoja na ufunguo wake, jeneza likisubiri mabegani mwa watu. Kufuli moja likafunguka, kisha la pili. Kila mtu alijiandaa kukuta majani ya kiunoni. Wakakuta nyasi fupi na mistari myeupe iliyonyooka.

"Nilitazama chini nisitazamane na mtu, na huko chini ndiko kulikokuwa na aibu yangu," anasema aliyekuwa katibu, leo mzee wa kutembelea fimbo. "Nikamuuliza mwenyekiti kwa sauti ndogo, 'Ni wewe uliyekuwa unamlipa Bi Mistari achore?' Akasema, 'Mimi nilidhani ni wewe.'"

Wawili hao walishika jeneza upande wa mbele, bega kwa bega, wakamfikisha Sumaku golini. Geti halikufungwa tena. Wiki ileile kikao kiliitishwa, na jambo la kwanza lilikuwa kumpa Bi Mistari kadi ya uanachama. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata.

"Miaka thelathini na mitatu nilikuwa wa klabu bila kuwa mwanaklabu," anasema, akiigeuza kadi mkononi. "Nilipoishika sikulia. Nililia nilipofika nyumbani."

Leo klabu ina timu tatu na wanachama mia mbili na kumi. Wasichana ndio hawana pa kuchezea. Netiboli wanaifanyia mazoezi barabarani, wakipisha magari. Pembeni ya ukumbi kuna eneo tupu, na mara mbili kamati imemwambia Bi Mistari kwamba suala hilo litajadiliwa.

Anatuongoza hadi hapo. Majani yamefyekwa. Kamba imezunguka vigingi vinne, mita thelathini na nusu kwa kumi na tano na robo, kama kanuni ya netiboli inavyotaka.

"Kikao ni mwezi ujao, na nimewaomba tukifanyie hapahapa nje," anasema. "Wakitaka kunikatalia, wanikatalie wakiwa wamesimama ndani ya kiwanja."